Uzi: Kompyuta ndogo ya magemu na usanifu, ya kubebeka begani. Tuanze na kifaa gani?

#1 (mleta uzi)

Wakuu salaam. Nataka kuunda kompyuta ya mezani, ila iwe ndogo kiasi cha kuingia kwenye begi la mgongoni. Matumizi ni haya: Blender (programu ya kuchora 3D) karibu kila siku (ndani ya majengo na picha za bidhaa), Photoshop na Illustrator, video mara mojamoja, na kazi ikiisha magemu kwa 1440p. Nahamahama kikazi, leo basi kesho ndege. Niendako mara nyingi skrini ipo, na pasipokuwepo nitabeba ile nyembamba ya kusafiria.

Orodha nimeshaipanga: prosesa Ryzen 9 9950X, kadi ya grafiki RTX 5080, RAM GB 64, SSD TB 2. Kilichobaki ni kasha tu. Nichukue lipi? Karibuni, wenye povu nao wasiachwe nyuma.

#2

Nunua laptopu mkuu, ulale usingizi. Uzi ufungwe.

#3

Usifungwe kwanza. Laptopu ni jibu halali kwa mtu anayefanya kazi akiwa safarini, kwenye kiti cha basi au sebule ya uwanja wa ndege. Mleta uzi hafanyi hivyo. Yeye anafika, anachomeka, anakaa siku kadhaa. Hapo kompyuta ya mezani inaanza kuwa na hoja, kwa sababu jina la kadi kwenye laptopu linadanganya. RTX 4090 ya mezani ina VRAM (kumbukumbu ya kadi yenyewe) ya GB 24 na inaruhusiwa kula wati 450. RTX 4090 ya laptopu ina GB 16, na kiwango chake cha kawaida hakifiki hata nusu ya wati hizo. Jina moja, chipu tofauti. Halafu kadi ya laptopu ikifa, au ikikuzidi umri, umekwisha. Huibadilishi.

Sasa turudi kwako mleta uzi. Orodha yako umeianzia mkiani. Kwenye kompyuta kubwa unachagua prosesa na kadi, kisha unatafuta kasha la kuvitia. Kwenye hizi ndogo kasha ndilo linaloamua urefu wa kadi, kimo cha kipoza joto, aina ya pawa saplai, na kubwa kuliko yote, ni wati ngapi za joto utaweza kuzitoa nje bila feni kulia usiku kucha. Kwa hiyo mimi naenda hivi: begi, kasha, kadi ya grafiki, pawa saplai, halafu prosesa. RAM na SSD hazinisumbui kichwa.

Begi na kasha. Pima begi kwa ndani, zipu ikiwa imefungwa, kisha toa nafasi ya sponji pande zote. Kama unapanda ndege na hutaki kuiweka kwenye mizigo ya chini (usiiweke), mashirika mengi yana kikomo cha karibu sentimita 55 kwa 40, na unene wa sentimita 20 na kidogo. Uzito ndio unaowakamata watu: kuna wanaoishia kilo 7. Kasha la alumini, kadi, pawa saplai na kebo zake vinafika huko haraka kuliko unavyofikiri.

Makasha haya hupimwa kwa lita. Cooler Master NR200 ina lita 18 na kidogo. Ni nzuri, ina hewa, fundi mgeni hahangaiki nayo, lakini begani ni mateso. Chini ya lita 8 unaingia kwenye ukoo wa Dan A4-SFX, lita 7.2, lile lililouzwa kwa kuchangisha watu mtandaoni mwaka 2016 na kuupa umaarufu mpangilio wa mgongo kwa mgongo: mazabodi (bodi kuu) upande huu, kadi upande wa pili, ukuta katikati, na kebo ya raiza inayopinda chini kuziunganisha. Kwa shughuli zako nakushauri lita 10 hadi 11. Fractal Terra ni lita 10.4. Lian Li A4-H2O ni lita 11 na inameza rejeta ya kupoza kwa maji ya milimita 240.

Terra ina kitu kimoja ambacho picha za dukani hazikuonyeshi vizuri. Ukuta wake wa kati unasogea. Ukiusogeza kulipa nafasi kadi nene, umeinyang'anya prosesa kimo cha kipoza joto, milimita kwa milimita. Usinunue kadi bila kujua kipoza joto, wala kipoza joto bila kujua kadi. Hivyo viwili vichaguliwe siku moja.

Kadi. Mwaka 2024 NVIDIA walitoa kipimo cha kadi zinazofaa makasha madogo: urefu usizidi milimita 304, kimo 151 ukihesabu na mkunjo wa kebo, unene 50. Hicho ni chujio kizuri hata kama kadi yako ni ya AMD. Kumbuka hilo neno "mkunjo wa kebo". Watu hupima kadi, wakasahau waya unaoingia juu yake. Kebo ya pini 16 haitaki kukunjwa kwenye shingo ya plagi. Acha kama milimita 35 inyooke kabla ya kupinda. Plagi zilizoyeyuka tangu 2022 zilifundisha watu kuisukuma mpaka mwisho, na kwenye kasha dogo kioo au bati la ubavuni linaweza kuigandamiza bila wewe kuona. Funga ubavu polepole, ukihisi unasukumwa, acha.

RTX 5080 ni wati 360. Inawezekana kwenye lita 10, ile ya NVIDIA wenyewe ina unene wa nafasi mbili na urefu wa milimita 304. Ila mimi nisingeichukua. RTX 5070 Ti ina VRAM ileile, GB 16, kwa wati 300. Kwa mtu wa Blender, VRAM ndiyo inayoamua kama mandhari itaingia au la. Kasi inaamua utasubiri dakika ngapi tu. Mandhari ikizidi VRAM, inabidi ikope RAM ya kawaida na renda (kutoa picha ya mwisho) inatambaa, au inakataa kabisa. Ndiyo maana sikushauri RTX 5070 ya kawaida: ni ndogo, inabeba vizuri, lakini GB 12 kwa mtu wa ndani ya majengo mwenye tekscha (picha za kuvika nyuso za vitu) za 4K kila kona ni kujifunga kamba.

Pawa saplai. Hapa ni SFX tu: milimita 125 kwa 100 kwa 63.5. Ile SFX-L ina kina cha 130; hizo milimita 30 za nyongeza ndizo ulizokuwa unazitegemea kupitisha kebo. Chukua wati 750 au 850, yenye kebo zinazochomoka zote, na iwe ya ATX 3.1 ili plagi ya kadi isitumie adapta. Angalia imeandikwa volti 100 hadi 240, ukihama nchi hubadilishi chochote zaidi ya waya wa ukutani.

Prosesa. 9950X imeandikwa wati 170, lakini soketi inairuhusu hadi 230. Kipoza joto cha kimo cha sentimita 6 au 7 hakiwezi hiyo kazi. Siyo kwamba itaungua. Itajipunguza kasi yenyewe ikifika nyuzi 95, feni zikilia. Umelipia wati usizoweza kuzitumia.

Naishia hapa, nikiendelea nitaandika kitabu.

#4 (mleta uzi)

Mkuu umenivuruga vizuri. Kwa hiyo 9950X naitupa? Maana video zangu na simulesheni za nguo zinakula koo (cores) zote za prosesa.

#5

Usiitupe haraka, nataka kumpinga #3 kidogo hapo. Ryzen hizi kuna kitu kwenye BIOS (mipangilio ya mazabodi) kinaitwa Eco. Ukiiweka kwenye wati 65, soketi inaruhusu 88 badala ya 230, na prosesa yenye koo 16 kwa wati 88 bado inazishinda nyingi za koo 8 kwenye kazi za koo nyingi. Wati za mwisho ndizo ghali: unamwaga joto jingi kupata kasi kiduchu. Kwa hiyo 9950X ndani ya lita 10 ni halali kabisa, ukikubali kuifunga spidi gavana.

Swali ni kama unaihitaji. Mleta uzi, renda zako za Blender unafanya kwa kadi au kwa prosesa? Kama ni kwa kadi, koo nyingi zitakaa tu zikitazama. Kuchora umbo, kusogeza vitu kwenye skrini, modifaya nyingi, na sehemu kubwa ya Photoshop na Illustrator zinategemea kasi ya koo moja.

#6 (mleta uzi)

Renda ni kwa kadi, Cycles (injini ya renda ya Blender). Simulesheni ni kwa nadra, kusema kweli.

#5

Basi umeshajijibu. Kama magemu yana uzito, 9800X3D: koo 8, kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya L3 ya MB 96, na kwenye magemu haifiki popote karibu na zile wati 120 zilizoandikwa. Tena kwenye kizazi hiki ile kashe ya nyongeza iko chini ya koo badala ya juu, kwa hiyo joto linatoka kirahisi kuliko 7800X3D. Kama kazi ndiyo kwanza, 9900X yenye koo 12, uifunge Eco.

Usishawishike na 9900X3D kwa kudhani utapata vyote viwili. Koo zake 12 zimegawanywa sita sita, na kashe kubwa iko upande mmoja tu.

#7

Mbona mnamlazimisha NVIDIA? RX 9070 XT ina GB 16, wati 304, na kwenye magemu haina aibu mbele ya hiyo 5070 Ti. Ushabiki tu.

#3

Kwenye magemu sikupingi mkuu, angekuwa mchezaji tu ningekuwa upande wako. Lakini soma alichoandika: Blender kila siku. Ili kuiendesha kadi, Cycles inatumia njia ya OptiX kwa NVIDIA na HIP kwa AMD. Zote zinafanya kazi, ila OptiX imekomaa zaidi na kwenye renda tofauti unaiona bila kuhitaji saa. Na kesho mteja akimletea faili la Octane, au V-Ray ya kadi (programu nyingine za renda), atakuta milango inafunguka kwa CUDA ya NVIDIA. Mtu anayelipwa kwa renda hanunui kadi kwa ajili ya gemu la usiku.

#8

Niongeze njia ya tatu ambayo hamjaigusa. Framework Desktop, lita 4.5, yenye Ryzen AI Max+ 395. Kumbukumbu hadi GB 128, prosesa na grafiki zinagawana. Mandhari ambazo zingegoma kwenye GB 16 huko zinaingia.

#3

Ni mashine nzuri sana na kwa wanaoendesha modeli kubwa za AI nyumbani naipendekeza. Kwa huyu hapana. Grafiki yake ni ya daraja la laptopu ya kati, iko upande wa AMD kwa hiyo hoja ya OptiX inarudi palepale, na kumbukumbu imeunganishwa kwa risasi. Unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachokufa nacho.

#9

Jamani naomba nirukie. Skrini ya kusafiria. Nina ile ya kebo moja ya USB-C, kwenye laptopu inawaka picha na umeme humohumo. Nikija kwenye kompyuta ya mezani kadi haina USB-C kabisa. Nikachomeka kwenye tundu la USB-C la mazabodi, ikawaka, lakini gemu limekuwa zito. Kuna nini?

#5

Swali zuri, na mleta uzi alisome kabla hajanunua skrini. Kadi nyingi za sasa zinatoa DisplayPort na HDMI tu. Lile tundu la USB-C kwenye mazabodi, kama linatoa picha, kwa kawaida linaitoa kutoka kwenye grafiki ndogo iliyo ndani ya prosesa. Gemu linaweza bado kuchorwa na kadi kubwa, kisha kila fremu inanakiliwa kwenda upande wa pili ndipo itoke. Hapo ndipo unapopoteza. Tumia HDMI kutoka kwenye kadi, na USB-C ibaki ya umeme tu. Yaani waya mbili. Hakikisha una waya wa HDMI ndogo, kwa sababu skrini nyingi za kusafiria hazina tundu la HDMI la ukubwa wa kawaida.

Na kwa msanifu, soma rangi. Za bei ya chini huandikwa asilimia 45 ya NTSC, ambayo ni kama theluthi mbili tu ya sRGB (vyote ni vipimo vya upana wa rangi). Nyekundu ya nembo ya mteja itakuwa ya tofali. Tafuta inayosema asilimia 100 ya sRGB, hata kama ni 60Hz.

#10

Mimi ni fundi, naongezea ya mikononi maana wengi mmeishia kwenye karatasi.

Kabla mazabodi haijaingia ndani, chomeka kebo ya umeme wa prosesa, ile ya pini nane pale juu kwenye kona. Ikishakaa ndani na kipoza joto kikiwa juu, vidole havifiki. Utajaribu kwa koleo, utachubua kitu. Vilevile plagi ya USB-C ya mbele: ni ngumu, haipindi, na kwenye mazabodi ndogo za mini-ITX nyingi imebanana na nafasi ya RAM. Ichomeke mapema, uitazame kwa tochi kama imekaa sawa.

SSD: mazabodi hizi za milimita 170 kwa 170 mara nyingi zina nafasi mbili za M.2, moja mbele chini ya bati lake, nyingine mgongoni. Ya mgongoni ndani ya kasha la mgongo kwa mgongo haina hewa, iko kati ya bodi na ukuta. Weka SSD ya PCIe 4.0 huko, usiweke ya 5.0. Kwa kweli hata mbele sioni sababu ya 5.0 kwenye kasha hili, ni joto la bure, 4.0 nzuri inasoma kama MB 7,000 kwa sekunde na Blender haitakusifia kwa zaidi ya hapo.

RAM nafasi ni mbili tu, kwa hiyo nunua jozi unayoitaka moja kwa moja. GB 32 mara mbili, DDR5-6000, CL30. Wenye mandhari nzito kuna jozi za GB 48 mara mbili, jumla 96. Angalia kimo: zile zenye mapambo ya taa zinagonga kipoza joto cha kulala.

Raiza: kama ni ya PCIe 4.0 na kadi yako ni ya 5.0, ingia BIOS ulazimishe nafasi ya kadi iwe Gen 4 KABLA ya kuifunga kwenye raiza. Ukiiacha ijiamulie yenyewe, unaweza kupata skrini nyeusi au gemu kufa katikati, ukaanza kumlaumu aliyekuuzia kadi. Tofauti ya kasi kati ya 4.0 na 5.0 kwa kadi hizi ni ndogo mno.

#4 (mleta uzi)

Fundi, na kipoza joto? Hewa au maji?

#10

Kwa anayesafiri, hewa. Pampu ni kitu kingine cha kufa ukiwa mbali na vifaa vyako, na feni ya milimita 92 au 120 utaipata popote. Kwa 9800X3D, Thermalright AXP120-X67 kwenye kimo cha 67, au Noctua NH-L12S kwenye 70. Zile za kimo cha 37 kama NH-L9a ni kwa prosesa za wati 65, usiilazimishe.

Jambo linalosahaulika ni pengo kati ya feni na bati la ubavu. Feni ikiwa karibu na matundu bila kugusa, inavuta hewa ya nje moja kwa moja, safi. Pengo likiwa kubwa, inaanza kuvuta hewa ya moto iliyozunguka humo humo ndani. Kata sponji kwa umbo la pete, uibandike kwenye fremu ya feni mpaka iguse bati. Kazi ya mkasi, lakini nyuzi zinashuka na kelele inabadilika. Pengo likiwa dogo kupita kiasi, milimita moja mbili, feni inatoa mluzi. Hapo geuza isukume nje ulinganishe.

Matundu ya hewa ya Terra yako ubavuni pande zote mbili, kwa hiyo usije ukaiegemeza ukutani.

#7

Na kupunguza volti mbona hamjasema?

#3

Kweli, hilo lilinitoka. Kadi: shusha kikomo cha umeme hadi asilimia 80 kwanza, uone. Kinachopotea ni kidogo ukilinganisha na joto linaloondoka. Ukizoea, panda kwenye kuchora mkondo wa volti wenyewe kwa programu ya MSI Afterburner. Prosesa: Curve Optimizer kwenye BIOS, hasi 15 au 20 koo zote. Halafu ipime kwa renda ndefu na kwa kuiacha tu ikiwa haina kazi, maana volti ndogo mara nyingine inaizima kompyuta ikiwa imetulia na siyo ikiwa kazini. Usifanye haya siku moja kabla ya kukabidhi kazi.

#4 (mleta uzi)

Wakuu, baada ya kusoma mara mbili, orodha mpya ni hii:

Kasha Fractal Terra. Kadi RTX 5070 Ti, nitatafuta ile isiyozidi milimita 304 na unene wa 50. Pawa saplai SFX wati 750. Prosesa 9800X3D. Kipoza joto AXP120-X67. RAM GB 32 mara mbili. SSD mbili za TB 2, zote 4.0, moja ya mfumo na moja ya miradi. Skrini ya kusafiria inchi 16, asilimia 100 sRGB, HDMI ndogo.

Kuna kilichogongana?

#10

Kimoja cha kuhakiki. Kadi ya unene wa 50 na kipoza joto cha 67 haviwezi kupangwa kwa kukisia. Fungua mwongozo wa Terra ukurasa wa ukuta wa kati, kila tundu la kuuwekea lina kipimo chake cha pande mbili. Ukiona 50 inakubana, tafuta kadi ya nafasi mbili, karibu milimita 40, utapumua. Ama ubaki na kadi, ushuke kwenye AXP90-X47, na 9800X3D uifunge wati 88. Kwenye magemu hutaona tofauti, kwenye simulesheni utaona kidogo.

#5

Mimi ningechukua hiyo ya kadi nyembamba.

#4 (mleta uzi)

Nyembamba basi. Na begini inakaaje? Kadi naiacha ndani?

#10

Ndani, kwenye mpangilio huu imefungwa skrubu kwenye bati na hailegei kwa uzito wake kama kwenye kasha la kawaida. Kompyuta isimame kama inavyosimama mezani, ubavu wa kadi uwe upande wa mgongo wako, sponji chini. Antena za Wi-Fi zifungue uzitie mfukoni, hizo ndizo za kwanza kuvunjika na shingo yake huondoka na tundu la kwenye mazabodi. Ukifika kutoka sehemu ya baridi kuingia ya joto na unyevu, usiiwashe papo hapo. Iache nje ya begi mpaka bati liwe na joto la chumba.